Siku Mjomba Aliponitembeza Taveta kwa Simu

Ilianza Jumamosi, saa tisa na robo alasiri, sebuleni kwetu Riyadh. Baba aliegemeza simu kwenye birika la kahawa, akaniita nije nitembezwe nyumbani. Nikakaa ukingoni mwa kochi, nikasimama, nikakaa tena.

Habari yenyewe ni hii. Baba hutengeneza mashine za hospitali. Mkataba wake wa hapa umekwisha, na kafili mpya, yaani mwajiri atakayemdhamini, yuko Jeddah. Huko baba hajanipatia shule yenye nafasi ya kidato cha tatu, kwa hiyo ameona niende bweni Taveta, karibu na mjomba, kaka yake mama. Tiketi angekata Jumapili asubuhi, mradi nikubali. Nami Taveta nilitolewa bado nanyonya.

Siku za soko mjomba ni dalali wa ndizi. Siku nyingine huwatembeza wageni. Jumamosi hiyo aliziunganisha kazi zote mbili. Alianzia sokoni, simu kaiinua juu ya kichwa: mikungu imelazwa juu ya majani, malori ya Mombasa yanapakiwa, wanawake waliovuka mpaka kutoka Holili ya Tanzania na vitunguu vyao wanabishana bei kwa shilingi za nchi mbili. Nikamwona msichana wa rika langu anakatiza peke yake katikati ya wanaume, anatafuna muwa. Nilimtazama mpaka akapotea. Mimi hata bakala, kiduka cha hapo chini, baba hunisindikiza, na wasichana wa jirani huenda wenyewe.

Mjomba akanielekeza kwa muuza ndizi mmoja, mama mnene mwenye kilemba cha manjano.

"Ndiye huyu wa Arabuni?" mama yule akauliza. "Mbona hasemi? Au ulimi wake umezuiwa uwanja wa ndege?"

Wenzake wakacheka. Baba naye akacheka. Mimi nikatazama zulia.

"Mwacheni," mjomba akasema. "Mwali akinyamaza, amekubali."

Hivyo ndivyo husemwa msichana anapoposwa. Mimi sikuposwa na mtu, lakini baba aliitikia kwa kichwa kama aliyepata jibu. Nilitaka kusema ngoja. Badala yake nikahesabu maua ya zulia. Ndivyo nilivyo, hata darasani.

Mjomba akapanda pikipiki, akapotea kidogo, akaibuka kwenye kilima cha Salaita. Akaanza kutumia sauti nyingine, ya kazini. Hapa, akaeleza, katika Vita vya Kwanza vya Dunia Wajerumani walivuka kutoka Tanganyika wakajichimbia juu, Waingereza wakapanda kuwatoa wakapigwa vibaya, na babu zetu wakabebeshwa mizigo ya pande zote. Aliingia ndani ya handaki ili nione kina chake. Kisha akaenda hadi Ziwa Chala, maji ya buluu chini kabisa ya shimo la volkano, nusu letu nusu la Tanzania, akanitaka nionyeshe ni wapi mpaka unapita. Hapakuwa na chochote cha kuonyesha. Ni pazuri, siwezi kukana. Niliinuka mara mbili kwenda kunywa maji ambayo sikuyatamani.

Simu ilipokatika baba akasema halas, yamekwisha, binti ameridhika. Nikaenda chumbani, nikarudi, nikaenda tena. Kuna kitu kilinikera na sikujua ni nini, hadi nikafika jikoni na kumkuta mama anasugua sufuria. Mjomba alinitembeza vile anavyowatembeza wageni wake. Wageni hulala hoteli wakaondoka. Mimi nitalala wapi? Nitaoga wapi? Hakunionyesha.

Nikamuuliza mama yeye anataka nini. Aliendelea kusugua.

"Mimi usiniulize," akasema. "Mimi ndiye niliyenyamaza tukaja Riyadh."

Sikujua kama anatania. Akafungua bomba.

Asubuhi yake, Jumapili, baba alikuwa anavaa soksi ili anipeleke shule, maana huku wiki huanza Jumapili, na ukurasa wa tiketi uko wazi kwenye kompyuta yake mezani, simu kando. Niliichukua simu nimpigie mjomba. Mara ya kwanza nikabonyeza vibaya. Mjomba akapokea akiwa shambani, mswaki mdomoni.

"Shikamoo mjomba. Sijakubali."

Akatema povu. "Marahaba. Hujakubali nini?"

"Kuja. Bado. Ziwa nimeliona. Nataka kuona bweni. Na vyoo."

Nadhani alikuwa hajawahi kuisikia sauti yangu ikifika sentensi ya tatu. Kisha akanawa uso, akasema shule iko ng'ambo ya reli na mlinzi anamfahamu. Akaanza kutembea, simu ikitikisika, umande ukionekana kwenye majani.

Baba alikuwa amesimama mlangoni na soksi moja. Nilidhani atasema yalla, tunachelewa. Alikuja akakaa kando yangu, akaufunga ule ukurasa wa tiketi kwa kidole, na sote wawili tukamwangalia mjomba akigonga lango.