Ratiba ya Bamvua

Walisema sitapata hata boti ya kunifikisha Mbwera. Walisema hayo Kibiti, kwenye benchi la muuza kahawa, nami nimesimama hatua tatu nyuma yao, wakijua kabisa kwamba nasikia.

"Ubunge unataka gari, unataka boti, unataka watu," alisema mmoja. "Huyu ana nini? Ana karatasi ya Wazungu na friji mbovu."

Mwenzake akaongeza kwamba hata nikiazimwa boti sitairudisha, na injini sitairudisha, na kila nitakachochukua kwa watu kitapotelea kwangu, maana mgombea wa chama kidogo akishindwa hupanda basi la alfajiri akaenda zake Dar es Salaam. Wakacheka. Nikawaagizia kahawa benchi zima, nikalipa, nikaondoka.

Karatasi waliyoitaja ni stashahada yangu ya ufundi wa majokofu. Ninayo mpaka leo, ndani ya fremu. Sikuipata kwa mjomba wala kwa barua ya mkubwa yeyote. Niliondoka Mbwera nina miaka tisa, nimekaa juu ya magunia ya mpunga, kwenda kulelewa na baba mdogo Kibiti. Nikiwa kijana nikaingia gereji Dar es Salaam, kisha nikaosha vyombo melini, kisha nikajilipia chuo katika nchi ambayo maji ya bomba huganda asubuhi. Darasani nilikuwa mweusi peke yangu, na mtihani wa mwisho nilikuwa wa pili. Niliporudi, serikali ilikuwa imeachia biashara, kila mtu ananunua na kuuza anachoweza. Mimi nikawa wa kwanza kuwafuata wavuvi wa kamba mitoni kwao na masanduku ya barafu. Kabla yangu kamba waliooza walimwagwa. Baada yangu walipelekwa mjini wabichi. Hilo hakuna wa kunibishia.

Kwa hiyo vyama vingi vilipokuja, na vile viwili vikubwa vikawa na wagombea wao waliopangwa zamani, chama cha tatu, kidogo, kikanifuata mimi. Walinihitaji kuliko nilivyowahitaji. Dhamana ya kugombea nilitoa mfukoni mwangu, pesa yote ya msimu wa kamba. Vifaa vilivyobaki niliazima, na kila niliyemwomba nilimwambia neno moja: "Nishinde nisishinde, chako utakiona." Mwenye duka Kibiti akanipa injini ya boti. Ustadhi wa madrasa akanipa spika na betri yake. Mama mmoja wa Umwe, mkulima, akanipa magunia mawili ya mchele wa kulisha watu. Na boti yenyewe akanipa ndugu yangu wa ziwa.

Huyu lazima nimweleze. Mama yangu aliugua aliponizaa, akakosa maziwa. Jirani alikuwa amejifungua wiki ileile, akatunyonyesha wote wawili, mimi na mwanawe. Kwa dini yetu huyo ni ndugu, hata dada yake siwezi kumwoa. Mimi nilipoondoka yeye alibaki majini, akawa nahodha. Nilipokwenda kumwomba boti alikuwa anaziba nyufa kwa pamba na sifa, yale mafuta ya papa. Hakuniacha nimalize.

"Boti unayo, na mimi unaye," alisema. "Uende na nani mwingine humu mitoni, wewe mtu wa Ulaya?"

"Basi na ratiba unipangie. Wewe ndiye unayejua maji."

"Nitakupangia, injinia."

Ratiba ndiyo ilikuwa jambo kubwa. Msimamizi wa uchaguzi alituita Utete, vyama vyote, kugawana viwanja. Kila chama kilikuwa na saa zake. Ukizikosa, zimekwenda, mwenzako anapanda jukwaani. Ikapigwa kura nani achague kwanza, na kwa mara ya kwanza bahati ikatuangukia sisi wadogo. Nikafungua karatasi ya ndugu yangu, nikasoma kwa sauti siku tatu za mfululizo katika vijiji vya delta, zote asubuhi, saa nne mpaka saa sita. Nikaona wale wa vyama vikubwa wanatazamana. Mmoja akajikohoza. Hakuna aliyepinga. Niliweka sahihi yangu kubwa, ile ya kwenye stashahada, nikatoka nikiamini wamenionea wivu.

Bara nilifanya kazi nzuri, nisifiche. Mloka watu walikuwa wamechoka na tembo na nguruwe kula mashamba yao. Niliwaeleza jinsi ya kudai fidia, ofisi kwa ofisi, fomu kwa fomu, wakanibeba mabegani. Umwe akina mama walinipigia vigelegele. Kibiti, mbele ya benchi lilelile la kahawa, nilizungumza saa nzima bila karatasi. Nilisema watu wa delta wamekaa gizani miaka yote kwa sababu hawajapata mtu aliyesoma wa kuwaonyesha njia. Watu walipiga makofi. Ndugu yangu alikuwa nyuma yangu, ameshika waya wa spika usichomoke.

Kisha tukaenda delta. Kura za huko ndizo zingenipa jimbo, kila mtu alijua, kwa sababu wale ndio niliowapelekea barafu.

Siku ya kwanza tulitoka saa mbili asubuhi, wawili tu na spika. Maji yalikuwa mazuri. Ilipofika saa tatu, katika mto mwembamba wenye mikoko pande zote, injini ikalia vibaya, na boti ikakaa. Nikatazama pembeni nikaona maji yanakimbia kuelekea baharini kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Dakika chache baadaye tulikuwa juu ya tope. Ukitia mguu unazama mpaka pajani.

"Leo upepo umeyasukuma nje," alisema ndugu yangu, akajilaza na kofia usoni.

Tulikaa juani mpaka saa nane. Tulipofika kijijini kiwanja kilikuwa cha wengine.

Siku ya pili ilikuwa hivyohivyo, ila mto mwingine. Safari hii alisema nilichelewesha kwa chai. Nilishuka nikasukuma, nikatumia pondo, ule mti wa kusukumia boti, nikawasha injini kwa nguvu mpaka tope likaziba njia ya maji ya kuipoza, ikaungua. Mimi, fundi wa mitambo, nimeunguza injini ya mtu! Ndugu yangu alitazama moshi akasema, "Tope halina chama." Nilicheka. Ndiyo, nilicheka, maana nilidhani tuko pamoja.

Tuliingia kijijini kwa pondo, nimejaa tope mpaka kifuani, na mgombea wa chama kimoja kati ya vile vikubwa yuko jukwaani. Akaniona, akasimamisha hotuba.

"Tumpishe ndugu yetu msomi," alisema kwenye spika. "Anatoka kukagua mikoko!"

Watoto wakaanza, "Mheshimiwa Tope! Mheshimiwa Tope!" Jina hilo lilifika Kibiti kabla yangu.

Siku ya tatu ilikuwa Mbwera, kwetu. Tuliazima injini ndogo ya mvuvi, tukatoka saa mbili, tukakwama saa tatu. Saa kumi jioni nilipanda dikoni, pale boti zinapofungwa, maji yamejaa mpaka kwenye mizizi ya minazi, uwanja mtupu, karatasi za wenzangu zimebandikwa kila ukuta. Nikaenda kwa mama yetu, yule aliyetunyonyesha. Alikuwa barazani anapeta mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Watu wamekungoja asubuhi mpaka wakachoka. Mbona umekuja sasa?"

"Tulikwama."

"Mlitoka saa ngapi?"

"Saa mbili."

Akauweka ungo chini. "Saa mbili, na mwezi mpevu huu? Hii bamvua, mwanangu, maji ya kujaa sana na kukauka sana. Maji yanajaa saa kumi alfajiri, saa nne asubuhi mitoni unaona kaa wanatembea. Hata mtoto wa chekechea analijua hilo. Nani amekupangia kuja na maji ya kutoka?"

"Mwanao."

Kuku walikuja kwenye ungo, hakuwafukuza. Mwishowe akasema polepole, kana kwamba anajisemea mwenyewe, "Yule hajawahi kuyakosea maji tangu ana miaka saba."

Hapo ndipo nilipoelewa kile kikohozi cha Utete. Chumba kizima kilikuwa kinajua isipokuwa mimi. Mwezi nilikuwa nimeuona siku zote tatu, mkubwa, mweupe, nikausifia. Nilichokuwa nimesahau ni kuuhesabu.

Umwe nilishinda. Mloka nilishinda. Delta iliniangusha, nikawa wa tatu katika watatu. Wiki moja baada ya matokeo nilimkuta ndugu yangu dikoni anafunga injini mpya kwenye boti ya shemeji yake. Ilikuwa bado inanuka boksi.

"Injini nzuri," nilisema.

"Nzuri."

"Umenunua?"

"Nimepewa." Alitaja aliyempa. Ni yule aliyenipisha jukwaani.

"Ulijua maji."

"Nilijua."

"Kwa nini?"

Aliendelea kukaza nati. "Ulisema Kibiti kwamba watu wa delta hawana wa kuwaonyesha njia. Mimi niko nyuma yako nimeshika waya. Basi nikasema, mwache aonyeshe."

"Lakini ratiba uliniandikia kabla ya Kibiti."

Nati ikamponyoka ikaanguka majini. Nilichosema Kibiti kilikuwa kweli na ningekisema tena. Yeye alikitumia kama sababu tu, baada ya kuwa ameshaniuza. Ningeweza kuvumilia kuuzwa na chama, au na benchi la kahawa. Huyu tulilala kifua kimoja.

Mama wa Umwe alisema mchele ni sadaka. Ustadhi alisema spika imepona, yatosha. Nilikataa. Benchi la kahawa lilikuwa linahesabu siku zangu za kukimbia. Nilirudi kwenye kazi yangu. Nilitengeneza friji za mafuta ya taa za maduka na zahanati kutoka Kibiti mpaka Ikwiriri, friji ambazo mafundi wengine walishazigeuza makabati. Kamba nilinunua tena. Mwenye duka alipata injini mpya, si ya kuungaunga. Ustadhi alipata betri mpya. Mama wa Umwe alipata magunia yake mawili, yamejaa mpaka mdomoni.

Ikabaki boti. Ilikuwa bado kwangu, mbao mbili za chini zimepasuka kwa kukalishwa kwenye tope. Nilimwita fundi, akabadilisha mbao, akaiziba upya yote, nikanunua kamba mpya ya kuifungia. Sikutafuta nahodha. Kwa misimu miwili ya kamba nilikuwa nimejifunza upya, nikiandika kila siku saa ya maji kujaa na saa ya kutoka kwenye daftari lilelile la friji, mpaka nikaacha kuandika.

Siku niliyochagua ilikuwa bamvua. Nilitoka mchana, maji yanaingia, nikapita ile mito yote mitatu bila kugusa chini. Saa kumi kamili niliingia dikoni Mbwera, peke yangu, maji yako kwenye mizizi ya minazi. Watu walisimama. Hakuna aliyesema Tope.

Ndugu yangu alishuka akashika kamba. Alipitisha kiganja chini ya ubao mpya, akautazama muda mrefu.

"Umewalipa wote?" aliuliza.

"Wewe ndiye wa mwisho."

Alifunga boti yake kwenye mti wake. Nikachukua mfuko wangu. Alitazama mtoni, kisha akanitazama mimi, mtu niliyekuja na chombo na sasa sina.

"Utarudi na nini? Boti ya abiria haiji tena mpaka maji ya alfajiri. Maji yameanza kutoka. Nikupeleke?"

"Najua," nilimwambia. "Yatarudi saa kumi na nusu alfajiri."

Nikaenda kulala kwa mama yetu.