Ijumaa ya Koili Mbili

Mimi si mtu wa kutulia. Hata chai nainywa nimesimama, na mume wangu husema nitazikwa huku natafuta funguo. Kwa hiyo mama mkwe aliposhuka kwenye basi la kutoka Mamba amepakata tenga la mayai thelathini na manne, nilijua kuna jambo kabla hajasema neno.

Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilikuwa kimefagia banda lake lote. Kuku wale walitokana na mtetea aliyepewa na mama yake siku ya kuolewa, na uzao ule haukuwahi kukatika. Yalibaki mayai tu, aliyokuwa ameyatenga kwa kuatamisha, na kila moja alilitia alama ya mkaa kama kawaida yake.

"Hawa ndio wa mwisho, mwalimu," aliniambia. "Kuku akiatamia hatoki. Wewe utakaa?"

"Umeme utakaa, mama."

Nilijibu haraka mno. Nafundisha fizikia sekondari hapa Magamba, na kwenye chumba cha uani nilikuwa na inkubeta ya kutotolea vifaranga niliyoitengeneza mwenyewe kwa friji bovu na koili ya kupasha joto. Kidhibiti joto chake kilikuwa kimeungua, na kipya nilikuwa nimekiagiza mjini Mpanda, hakijafika. Nikasema sitakihitaji, hesabu ninayo. Koili ile kwenye volti 220 inavuta ampea moja. Gawanya volti kwa ampea, ukinzani ni omu 220. Zidisha volti kwa ampea, nguvu ni wati 220. Joto hilo lilitosha kabisa.

Siku ya pili nilirudi mchana nikakuta kipimajoto kinasoma nyuzi thelathini na tatu badala ya thelathini na nane. Nilifungua mlango, nikafunga, nikafungua tena, kana kwamba kuchungulia kunaongeza joto. Nilimlaumu fundi aliyeniuzia koili. Nikatoka kwenda kumgombeza, nikarudi kutoka njiani, nikaenda shule kuazima mita ya kupimia umeme.

Soketi ilikuwa inatoa volti 165. Jirani yangu ana mashine ya kusaga, na ikinguruma umeme wa mtaa mzima unakuwa mdogo. Miaka yote nilikuwa nawaambia wanafunzi waandike 220, nami nikaiamini kwa sababu iko kwenye mtihani. Ukinzani wa koili ulikuwa palepale, kwa hiyo ampea nazo zilishuka hadi sifuri nukta saba tano. Nilizidisha nyuma ya daftari la mahudhurio: wati mia moja ishirini na nne. Volti ilipungua robo, joto likapungua karibu nusu. Nilikasirika, maana hesabu hii naifundisha kila mwaka.

Nikaongeza koili ya pili sambamba na ya kwanza. Ukinzani ukawa omu 110, na kwa volti 165 nikapata ampea moja na nusu, wati karibu mia mbili na hamsini. Kipimajoto kikapanda kikatulia penye thelathini na nane. Jioni mashine ikifungwa na umeme ukirudi, nachomoa koili moja. Asubuhi ikianza kunguruma, naichomeka. Nilikuwa nalala nusu nusu nikisikilizia mashine ya watu, na mume wangu yuko Mwese kikazi, hakuna wa kupokezana naye.

Ijumaa nilikuwa Kidato cha Tatu, somo lenyewe ni hilohilo. Niliwachorea koili mbili sambamba, omu 110, nikaandika volti 220, ampea mbili. Nikawauliza nguvu ni kiasi gani. Darasa lilikuwa kimya, na katika ukimya ule nikatambua kuwa sisikii mashine, ambayo hata shuleni husikika.

Mwenye mashine ni mzee wa Kiislamu, mtu wa ibada. Ijumaa hufunga saa sita na nusu, hafungui hadi swala iishe. Jambo hilo kila mtu Magamba analijua, nami nilishawahi kurudi na mahindi yangu kichwani kwa kusahau. Nilitazama saa. Ilikuwa inakaribia saa nane.

Niliacha chaki nikakimbia, mwalimu mzima, viatu mkononi. Kipimajoto kilisoma arobaini na nne. Nilichomoa waya zote, nikafungua mlango, nikawa napepea mayai kwa kanga huku nalia kwa hasira. Niliporudi shuleni kuchukua mkoba wangu, wanafunzi walikuwa wameshatoka. Ubaoni mmoja wao alikuwa amemalizia: wati 440.

Siku ya ishirini na moja walitotolewa vifaranga watatu. Mayai mengine niliyazika nyuma ya choo. Nilimpigia mama mkwe nikamwambia yote, kila volti, na yeye akauliza tu kama watatu hao wanakula.

Alikuja baada ya miezi miwili na tenga lilelile. Nilikuwa nimewaangalia vichwa kila asubuhi nikiomba niwe nakosea. Aliwashika mmoja mmoja, akatazama upanga wa kichwani, akawaweka chini.

"Majogoo," alisema. "Wote. Hakuna wa kutaga."

Nilijaribu kuomba radhi. Alikwisha kuanza kuwatia kwenye tenga, kwa sababu hata jogoo ni wa uzao ule. Stendi, kondakta alipoanza kuita abiria, alinigeukia.

"Siku ile ulikuwa unawafundisha nini?"

"Hesabu ya umeme, mama. Hiyohiyo ya koili."

"Walielewa?"

Nikakumbuka ubao. "Walielewa."

"Afadhali," alisema, akapanda basi na majogoo wake.