Ufunguo wa Kanisa la Lyulilo

Harufu ya vyungu vibichi vinavyokaushwa kwa moshi bado hunirudisha Lyulilo, kando ya Ziwa Nyasa, wakati wa masika. Mvua ya kwetu haina haraka wala haya. Hunyesha mpaka njia zigeuke vijito, na mama zetu walivihamishia vyungu ndani, kando ya meko, tukalala navyo kama ndugu. Masika ninayoyakumbuka ni ya miaka ile biashara ilipoachiwa huria. Sabuni, redio na khanga zilianza kushushwa kutoka kwenye mitumbwi, na Mzee Shabani, mfanyabiashara mwenye asili ya Kilwa, akahama Bondeni, mjini Kyela, akafungua duka ufukweni kwetu. Kando ya duka alijenga kibanda cha matete, akatandika mkeka, na humo yeye na wachuuzi wenzake wakawa wanasali. Mama yangu ndiye aliyemfinyangia mtungi wa maji ya kutawadhia, akalipwa kwa desturi yetu Wakisi: mchele wa kuujaza mtungi huohuo.

Baba alikuwa mzee wa kanisa, na ufunguo wa kanisa aliuvaa shingoni kwa uzi wa nyavu. Jengo letu ndilo pekee lililokuwa na bati pana, kwa hiyo mvua ilipozidi, mwenyekiti wa kijiji, ambaye ni mjomba wangu, kaka yake mama, aliomba mkutano wa kijiji ufanyike humo. Baba akafungua bila kuwaza sana; kwetu ulikuwa ujirani tu. Tuliketi kama Jumapili, wanaume kulia, wanawake kushoto, na kwa mazoea mtu akaanzisha wimbo, tukasimama, tukaimba, tukafumba macho. Tulipoyafumbua, mjomba akataja ajenda: kibanda cha Mzee Shabani kivunjwe, soko la vyungu lipanuliwe. Ufukwe ulikuwa mrefu hadi macho yachoke, lakini mwamba ngoma huvutia kwake. Mwenye kibanda mwenyewe alikuwa nje, amejibanza chini ya ukingo wa bati, kofia imelowa.

"Wanaokubali wanyooshe mikono," alisema mjomba.

Baba akasimama. "Shemeji, mwenyewe hajasikilizwa."

"Mlango uko wazi. Nani kamzuia? Au tumtandikie mkeka wake hapa mbele?"

Watu wakacheka, na mikono ikaanza kunyooka. Mama alikuwa amekunja yake kifuani, hamtazami kaka yake.

"Wengi wape, shemeji."

"Wapewe kilicho chao. Sala ya mtu si mali ya kijiji." Baba akauvua ufunguo shingoni. "Nyumba hii niliifungua kwa sababu ya mvua, si kwa hili. Twendeni nje, mahali kila mwanakijiji anaweza kusimama."

"Kunanyesha, mzee," mtu akanung'unika.

"Naona."

Hakuna aliyejongea. Mvua iligonga bati, nami nikaogopa kwamba usiku ule tungekuwa hatuna ndugu. Kisha mama akanishika mkono, akatoka. Wafinyanzi wenzake wakamfuata, na mwisho wanaume nao, wakilaani matope. Baba akafunga mlango.

Nje, Mzee Shabani alipewa nafasi, akasema machache. "Ndaga," alishukuru kwa lugha ya huku kwetu. "Mkikivunja nitasali dukani. Ila watoto wenu watajua kwamba sala ya mtu huvunjwa kwa kunyoosha mikono." Mjomba akaita kura upya. Ni vigumu kumnyooshea mkono mtu anayekutazama usoni, mvua ikiwachuruzika nyote wawili. Mikono ikawa michache. Kibanda kikabaki.

Ufunguo haukubaki. Wazee wenzake walimnyang'anya baba kwa kosa la kuwatoa waumini kanisani, na masika yote yale alikaa benchi la nyuma, akiimba kwa sauti ileile. Sikumsikia akilalamika. Alisema tu kwamba Mungu hafungiwi nje.

Leo kibanda ni msikiti wa matofali, na ufunguo ninauvaa mimi, binti yake, mzee wa kanisa. Namshukuru Mungu kwa yote mawili. Lakini wanaoubisha mlango wetu siku hizi huja kwa magari. Kabla ya uchaguzi uliopita, mgombea mmoja, muumini mwenzetu, aliomba awasalimu watu madhabahuni. "Dakika mbili tu, mama." Nikamwonyesha uwanja wa soko.

"Kunanyesha, mama."

"Naona," nikamjibu, nikatangulia kutoka.