Mwalimu Alisema Yupo Mmoja Kati Yetu

"Humu ndani yupo mmoja."

Ndivyo mwalimu alivyoanza somo siku ile. Hakusalimia. Alisimama mbele akayatazama matumbo yetu, moja baada ya jingine, na mimi nikajikuta nimelifunika la kwangu kwa kanga.

Jamani, hili lilinitokea mimi mwenyewe, na mpaka leo nikilikumbuka mwili unanisisimka.

Mimi ni msusi. Ilikuwa mimba yangu ya kwanza, na nilikuwa naogopa leba vibaya sana. Niliposikia kliniki ina darasa la wazazi wapya, nikajiandikisha.

Mama mkwe alinicheka. "Siku hizi kuzaa nako kunasomewa? Mtapewa na vyeti?"

Nilimwacha acheke. Aliyekuwa anakwenda kuzaa ni mimi.

Darasa lenyewe ni chumba cha nyuma cha kliniki. Magodoro sakafuni, ubao, feni inayolalamika, na mdoli wa plastiki ambaye akina baba walijifunzia kufunga nepi. Mume wangu ni fundi friji, mikono yake inafungua kila kitu, lakini nepi ile ilimshinda mpaka mdoli akabaki uchi.

Mwalimu wetu alikuwa mkunga. Tulimwita Sista. Naye alikuwa mjamzito, tumbo kubwa kuliko letu sote, na kwa sababu hiyo tulimwamini kupita kiasi.

"Yupo mmoja wa nini, Sista?" Huyo alikuwa Mama Maswali, mwenzetu ambaye mdomo wake haukujua kupumzika.

"Wa kifafa cha mimba," Sista akajibu. "Presha inapanda kimyakimya. Unavimba, kichwa kinauma, unaona vimulimuli, unajiambia umechoka tu. Halafu unaanguka. Ukichelewa kuletwa, tunazika wawili."

Mama Maswali akaanza kujibonyeza miguu.

Nikaangalia vidole vyangu. Pete ya ndoa nilikuwa nimeivua kwa sabuni, ilikuwa inanibana. Miguu ilishavimba kwa kusimama kutwa nikisuka. Na asubuhi ile kichwa kilikuwa kinagonga.

Nikamnong'oneza mume wangu, "Ni mimi."

"Acha hizo wewe."

"Baba, nakwambia ni mimi."

Akanishika mkono. Akaukaza, nikajua naye ameogopa.

Sista akatoa mashine ya presha. "Leo mnajifunza kupimana. Ikizidi mia moja arobaini, hakuna kusubiri kesho. Hata uwe harusini, unakuja na gauni lako hivyohivyo. Najipima mimi kwanza, mwone."

Akajifunga ule mkanda mkononi, akabonyeza. Mashine ikavuma.

Nilikuwa nimekaa mbele kabisa. Niliiona namba. Ilikuwa mia moja themanini na kitu.

Akaizima haraka. "Betri hizi," akasema. "Mashine imechoka kama mwenyewe."

Tukacheka. Mimi pia nilicheka.

Betri hakubadilisha. Mashine ikaanza kuzunguka.

Mama Maswali, safi. Dada muuza viatu aliyekaa karibu yake, safi. Mke wa dereva, safi. Kila aliyepimwa alishusha pumzi, na mimi nilizidi kukosa hewa, maana waliobaki walikuwa wanapungua.

Nikabaki peke yangu.

Mume wangu alinifunga mkanda. Mashine ikanibana mkono. Nilifumba macho nikamwomba Mungu, nikamwambia mtoto huyu nimeshamzoea.

"Mia moja na kumi na tano," mume wangu akasoma. Akarudia kwa sauti, "Mia moja na kumi na tano, mama kijacho!"

Nilitaka kulia kwa furaha.

Halafu furaha ikakatika ghafla. Kama mashine imetupima sisi sote vizuri, imeharibika vipi kwa mtu mmoja?

Nikamtazama Sista. Viatu vyake alivikanyaga visigino kwa sababu miguu haikuingia. Alikuwa amekinga macho kwa kiganja, kama mwanga wa dirisha unamchoma. Maneno aliyoandika ubaoni yalikuwa yanateremka mpaka pembeni.

Nikanyanyuka. Lakini unamwambiaje mkunga habari za ukunga?

"Sista, samahani. Naomba ujipime tena."

"Kaa chini, mama kijacho. Sasa tunaingia kwenye kupumua."

"Sista, hiyo mashine ni nzima."

Akageuka kunitazama, lakini macho yake yalipita begani kwangu.

"Nani amezima taa?" akauliza.

Ilikuwa mchana kweupe, jua limejaa chumbani.

Akaanguka.

Mwili ulikakamaa, ukaanza kurukaruka. Mume wangu alitoka mbio kumwita daktari. Mama Maswali ndiye aliyemgeuza ubavu wa kushoto, akapiga kelele asitiwe kitu mdomoni. Yote hayo Sista mwenyewe ndiye aliyetufundisha. Akina baba wakambeba juu ya godoro mpaka chumba cha upasuaji.

Sista alipona. Mtoto wake hakupona.

Nilikwenda kumwona wodini. Alikuwa amekaa kitandani, anasikiliza vichanga vya watu vinavyolia chumba cha pili. Kabla sijampa pole, alinishika mkono akaanza kunikagua vidole.

"Kichwa hakikuumi?"

"Hakiniumi, Sista."

Akauachia mkono wangu. Kisha akasema, "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Tangu juzi yake. Naona vimulimuli, kichwa kinapasuka. Nimeshawaambia wanawake wangapi waje mapema? Lakini kila nikiitazama mashine naogopa itakachosema. Nikasema nikajipime mbele yenu, nikiwa na watu sitakimbia. Na bado nikasingizia betri."

Tulilia wote wawili.

Mimi nilijifungua salama, mtoto wa kike.

Ndugu msomaji, wewe unayesoma hapa, najua kwenu yupo mtu anayewauguza wengine. Ni dada yako, mkeo, mama yako. Usimuulize anaendeleaje, kwa sababu atakwambia mzima. Mshike mkono umpeleke akapimwe, na matokeo yakitoka, msomee wewe.