Safari Isiyopita kwa Mtu

Nakumbuka siku moja, binti yangu, ukiwa hujaota hata jino, tuliondoka Karatu kwenda Oloipiri kwa bibi yako mzaa baba. Mimi si mzee. Sina mvi hata moja, ila wanaosubiri mvi ndipo waseme huwa wanazikwa na maneno yao. Nakuandikia mapema, uje usome siku utakapokuwa na rafiki wa kwako na hamu ya kuizunguka nchi.

Bibi alikuwa hajakuona bado, na baba yako alikuwa ametangulia huko. Rafiki yangu Neema akajitolea kutupeleka kwa gari la kaka yake, Noah. Neema nilikaa naye dawati moja sekondari. Baadaye yeye akaenda chuo cha utalii akawa dereva wa watalii, mimi nikakupata wewe. Ni mcheshi, si mchoyo, na usukani anaujua kuliko wanaume wengi wa mji ule. Naanza na wema wake ili usije ukasema mama alimchukia mwenzake. Chuki sina. Hasira ninayo, na hicho ni kitu kingine.

Siku chache kabla ya safari alikuja nyumbani akanisomea programu. Viu pointi ya Manyara, picha. Magofu ya Engaruka, picha. Maporomoko ya Engaresero, hapo tunakula lanchi boksi. Kisha ziwani Natron kuwaona flamingo, halafu tunapanda kwenda Wasso mpaka Oloipiri. Alitupangia kama anavyowapangia Wazungu wake. Huu ndio ugonjwa wetu sisi tuliokulia Karatu: utalii umetuzoesha kuona barabara kama kitu cha kutazama. Lakini mtalii maji yake ya baridi yako kwenye friji ndani ya gari, na akiumwa ndege inakuja. Sisi tulikuwa na dumu la maji ya bomba na mtoto mchanga.

Nikamuuliza, "Na mtoto atapumzika wapi?"

"Shosti, mtoto si anapumzika muda wote? Kabebwa, kanyonyeshwa, hana hata kazi!"

Tukacheka. Kichekesho kizuri huwa kinapitisha mambo mengi ambayo yangepaswa kukataliwa.

Asubuhi ya safari, bibi yako wa Endabash, mama yangu, alikufunga kama tunavyofunga watoto huku juu: kofia ya sufu, sweta, soksi, blanketi. Karatu ilikuwa na ukungu, hakuna aliyekosea. Ila gari lilipoanza kushuka bondeni, kila baada ya kona nilikuvua nguo moja. Kufika Engaruka ulibaki na nepi tu, na jasho halikukauka.

Engaruka kuna mifereji ya maji, kuna migomba, kuna kina mama wamekaa kivulini. Nikasema, "Neema, simama hapa nimwoshe mtoto."

"Tukisimama hapa tunapoteza muda. Magofu yenyewe nimeyaruka. Vumilia, kituo ni Engaresero."

"Hanyonyi, Neema."

"Atanyonya tukifika. Watoto wanajua kudeka, bwana!"

Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Neema hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na programu. Gari lilikuwa la kwao, mafuta yake, nikaona nikibishana nitaonekana sina shukrani. Waliosema usisafirie nyota ya mwenzio walijua wanachosema.

Baada ya Engaruka miti inakwisha. Ni vumbi la kijivu, majivu ya mlima Lengai, na upepo kama unaotoka kwenye tanuri. Ukaacha kulia. Asiyezaa angeshukuru. Mimi nilikutazama ukilegea mapajani mwangu, midomo imekauka, macho nusu. Nikamwambia Neema akimbize gari kwenye watu. Hakunisikia, au alisikia anachotaka. Akaipita Engaresero aliyoniahidi, akiwahi flamingo, akaacha barabara, akazima gari kwenye tambarare ya ziwa pasipo na kivuli cha kumtosha hata mbuzi, akatoa simu.

"Shosti, njoo uwaone! Wamejaa!"

Nilishuka na wewe na dumu, nikafuata boma lililoonekana ng'ambo ya tambarare. Sikumuaga.

Palikuwa na koko, ndivyo wanavyomwita bibi kule, ameketi pembeni ya nyumba anatunga shanga. Hakuniuliza jina. Alikugusa shingo, akaitisha maji, akalowesha shuka lake, akakufunika, akatuingiza ndani ya nyumba ya udongo ambamo giza lilikuwa na ubaridi. Akakaa akikupepea kwa kipande cha boksi.

"Mnyonyeshe, yeyo," akaniambia, yaani mama.

"Hataki, koko."

"Mpe tena. Usimlazimishe, mpe."

Neema akatufuata, miwani ya jua kichwani. Akainama kusalimia, maana adabu anayo, koko akamgusa kichwa kisha akaanza kumuuliza habari. Kule mgeni hukaribishwa kwa kuulizwa: umetoka wapi, umepita kwa nani, kwao kumenyesha, ng'ombe wana majani, nani anaumwa. Usidhani ni udaku. Mtu anayeishi penye ukame huijua nchi kwa midomo ya wapitao.

"Engaruka mmepita kwa nani?"

"Hatujapita kwa mtu, koko."

"Selela?"

"Hatukusimama."

"Mto wa Mbu?"

Neema akatikisa kichwa. Koko akaacha kupepea kidogo. "Mmetoka Karatu mpaka hapa na mtoto, hakuna hata mtu mmoja aliyewaona?"

Neema akacheka ile ya aibu, akanyoosha simu. "Tumepiga picha."

Koko akaitazama simu kwa makini, picha moja baada ya nyingine. "Mlima huu naujua. Ziwa hili nalijua. Mtu yuko wapi?"

Akamrudishia simu. Akasema, bila kupandisha sauti, "Wageni wa kupiga picha wasimamishe penye kutazama, wao watarudi kwao. Mwenye mtoto anasimamishwa penye mama mwingine. Huyu angekufa, ningempelekea nani habari, huko mlikopita?"

Neema akalia. Sikumbembeleza, nilikuwa na kazi. Ulishika titi, ukavuta, ukaacha, ukashika tena, safari hii kwa nguvu mpaka nikauma meno. Sijapata kufurahia maumivu kama yale.

Tulikaa mpaka jua likalegea. Flamingo hawakutajwa tena. Tulipoaga, Neema mwenyewe aliuliza, "Koko, huko mbele tupite kwa nani?" Akatajiwa dada yake koko aliyeko Sale. Tukalala kwake, na kesho yake yeye akatuelekeza kwa mwingine. Oloipiri bibi yako alipokutemea mate ya baraka utosini na kuanza kuuliza habari, aliyejibu ni Neema, na alikuwa na mengi ya kueleza.

Bado ni rafiki yangu. Aliniomba radhi, nikampa. Hasira inaamka mara mojamoja, naiacha iamke, inalala tena.

Basi sikia. Ukipanga safari na mwenzako, anza na aliye dhaifu kuliko wote ndani ya gari, ndipo uweke vituo. Penye mandhari simama, sikukatazi, Mungu hakuumba bonde lile ili tulifumbie macho. Lakini kila kituo kiulize kina maji gani, kivuli gani, na nani wa kukupokea. Kituo chako kiseme kabla gari halijawashwa. Na ukiona mtoto wako analegea, usiogope kuitwa msumbufu. Piga kelele. Shukrani ya lifti hailipwi kwa roho ya mtu.

Mungu akutangulie, mama. Akupe barabara zenye watu, na rafiki ambaye ukimwambia simama, anakanyaga breki kwanza, anauliza baadaye.