Tufe la Karatasi la Manowari Wakasa

Kama ungemuuliza Hamasaki Toku kosa lake lilikuwa nini, angekujibu papo hapo kwamba hakuwa na kosa, na hapo ndipo ungemwona anavyofura. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na sita, mfupi, vidole vimekakamaa kwa gundi ya wali. Mtaani kwao Nagasaki alitengeneza taa za karatasi za kuwapokea marehemu wanaporudi nyumbani mwezi wa Agosti. Kazi ya matufe aliirithi kwa mumewe. Pale manowari haishushwi majini bila tufe kubwa la karatasi kuning'inizwa kwenye omo, mbele kabisa ya meli. Meli ikianza kuteleza, kamba huvutwa, tufe hugawanyika katikati, na tepe za rangi humwagika juu ya umati pamoja na njiwa hai. Toku alikwisha tengeneza kumi na moja. Yote yalifunguka.

La manowari Wakasa halikufunguka.

Ilikuwa Desemba. Kamba ilivutwa, meli ikateleza, bendi ikapiga, watu wakainua nyuso, na tufe likaenda zake baharini limefumba kama ngumi. Waliokuwa karibu walisikia njiwa wakipigapiga mbawa ndani. Toku alikimbilia lango la karakana ya meli.

"Nipeni tufe langu. Mna ndege mle."

"Tufe lako liko melini, mama," askari wa lango alimwambia. "Na melini haingii mtu. Ni siri ya serikali."

"Siri gani? Si mji mzima umeiona?"

"Umeiona kwa mbali. Wewe unataka kuiona kwa karibu."

Alirudi kesho yake, akarudi keshokutwa. Siku ya tatu aliambiwa tufe limekwisha tupwa, na njiwa nao. Hakuna aliyelikagua wala kuangalia lilikwama wapi.

Pengine watu wangesahau. Lakini miezi miwili baadaye wakubwa wa mataifa walikubaliana huko Washington kupunguza manowari, na Wakasa, ambayo haikuwa imefungwa hata mzinga mmoja, ikawa miongoni mwa zilizokatwa. Itavutwa baharini, wakaambiwa, ipigwe mizinga kwa majaribio mpaka izame. Mafundi mia kadhaa walirudishwa nyumbani. Mtu aliyepoteza kazi hawezi kwenda kugombana na Washington. Toku alikuwa karibu zaidi.

"Meli imezaliwa macho yamefumba," walisema wanawake bombani, hawapunguzi hata sauti. "Ingeishi vipi?"

Basi taa nazo zikaingia nuksi. Nyumba zilizomwagiza miaka yote zikaanza kwenda kwa fundi mwingine ng'ambo ya mto. Mama Urakawa, jirani yake muuza maandazi ya samaki, alikuja mwenyewe kueleza.

"Usinielewe vibaya, dada Toku. Mimi sina neno. Ni mama mkwe ndiye anayeogopa."

"Mama mkwe wako si alikufa mwaka juzi?"

"Ndiyo. Kwani taa ni ya nani?"

Jioni ile Toku alitengeneza tufe jingine, dogo, kwa fundo lile lile na uzi ule ule wa hariri, akalitundika kwenye boriti na kulivuta. Likafunguka. Akalifunga tena, akalivuta tena. Alivuta mpaka sakafu ikajaa vipande vya karatasi hadi vifundoni, na kila lilipofunguka alizidi kukasirika, maana hapakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Siku Wakasa ilipovutwa kwenda kuzamishwa, mwanzoni mwa Agosti, mtaa mzima ulipanda mlimani nyuma ya hekalu kuitazama. Toku naye alipanda. Egashira, aliyekuwa msimamizi wa jukwaa la omo, mtu aliyelipandisha tufe kwa mikono yake, alikuja kusimama kando yake.

"Mama Hamasaki, siku ile upepo ulikuwa mkali. Niliogopa tufe litafunguka kabla ya wakati. Nikalizungushia kamba ya pili. Nikasema nitaikata meli ikikaribia kushuka."

Toku alimgeukia polepole. "Na?"

"Nikasahau. Afisa mkuu wa wanamaji alinipungia mkono."

"Alikupungia mkono."

"Alikuwa hajawahi."

"Miezi minane, Bwana Egashira. Ukinipita njiani umeinamisha kichwa, nami nikidhani ni heshima." Alimshika mkono wa kimono. "Waambie."

"Itasaidia nini sasa? Meli ndiyo ile, inakwenda."

"Mimi nina shida gani na meli? Waambie hawa!"

Egashira akawageukia watu, akainama mpaka kiunoni, akasema yote kwa sauti: upepo, kamba ya pili, alivyosahau. Hakuficha hata mkono wa afisa. Mama Urakawa akafuta macho kwa kitambaa.

"Bwana Egashira, una moyo wewe. Kazi umepoteza, na bado unambebea mwenzio lawama."

"Watu wa namna hii wamekwisha," mzee mmoja alisema, akamwinamia.

"Lakini ni kweli!" Egashira alipiga kelele. "Niliifunga mimi!"

"Ndiyo, baba, ndiyo," wakamtuliza, huku wakipigapiga bega lake. "Ni wewe. Tumesikia."

Huko chini boti za kuvuta zilikuwa zikiipitisha Wakasa kwenye rasi, ndefu, ya kijivu, haina mizinga wala bendera. Wengine walilia. Toku hakuitazama.

"Nimewaambia," Egashira alinong'ona.

"Umewaambia leo," alisema Toku. "Desemba wangekuamini."

Akafungua mwavuli wake na kushuka ngazi za hekalu peke yake, bila haraka yoyote. Siku za marehemu zilikuwa zimekaribia, na taa alizobakiza kumalizia zilikuwa za nyumba nne tu.