Nilimwambia Mjukuu Wangu Nimebonyeza

Nilidanganya, waitu, wenzangu! Mdomo huu huu unaoigiza sauti za watu wote hapa Izigo ndio uliomwangusha mjukuu wangu Koku. Kusoma sijui, najua namba tu, jirani ananiandikia, na nimemwapisha asiseme.

Koku alitengeneza programu ya simu. Kila asubuhi napima mvua kwenye kopo, naweka namba, yenyewe inasema kama udongo umeshiba tupande maharage. Akanieleza kwa kale kasauti kake: "Bibi, lugha ya kompyuta niliyotumia ni mvivu. Haipigi hesabu mpaka uombe jibu, inashikilia tu. Ikishikilia mengi inazidiwa. Kwa hiyo kila jioni bonyeza Jibu, uniambie kama inachelewa, nirekebishe mapema."

Nikacheka! "Hiyo ina akili! Nani anamenya ndizi kabla mgeni hajafika? Si zitakuwa nyeusi!"

Namba niliweka. Jibu sikubonyeza hata jioni moja.

Anapiga simu: "Umebonyeza, Bibi?"

"Nimebonyeza! Imejibu hata kidole sijatoa!"

Anacheka. Nilikipenda kile kicheko, jamani.

Masika yakaisha. Watu waliotaka kumwajiri wakamwita Bukoba mjini awaonyeshe. Akanichukua mimi na simu yangu. Bwana mmoja, anaongelea puani: "Imejaribiwa hii, binti?"

"Kila jioni," Koku akasema. "Na bibi yangu huyu."

Akabonyeza. Kiduara kikazunguka, kikazunguka! Ndizi za masika yote ndiyo kwanza zinamenywa, na wageni wameshakaa! Simu ikawa ya moto kama kiazi kilichotoka jivuni. Ikazima.

"Kazi hii bado hujaiweza, binti."

Koku akanitazama. Mimi ninayeongea kama padri, kama mwenyekiti, kama mbuzi, sauti yangu mwenyewe nikaikosa.

Alihangaika akijiuliza iliwezaje kujibu haraka kila jioni, kisha ikamfia siku hiyo. Mwisho akauza kompyuta. "Bibi, sina kichwa cha kazi hii." Sasa anashona nguo Hamugembe. Kila Jumapili nasema leo namwambia. Nimwambie ili iweje? Kompyuta imeuzwa, kazi imepata mwenyewe.

Nyie wenzangu wenye wajukuu, kama hujabonyeza sema hujabonyeza! Sema jioni ile ile, ukweli ukiwa bado mdogo. Wangu umeshanizidi.

Jana kapiga simu. "Bibi, miguu bado inauma?" Hakuuliza kingine.

"Mizima kabisa!" nikamjibu, huku naikanda kwa maumivu. Hakucheka.